Mkuki, Bunduki na Deni la Muwindaji

Ndugu wasomaji, pengine mtashangaa kuona mwalimu wa sekondari anachukua kalamu kuandika juu ya bunduki na masasi. Katika vitabu vya mila tumezoea kusoma juu ya ndoa, mavuno, matanga na majina ya watoto. Sisi leo tumechagua uwindaji wa nyama wakubwa, wale wanaoweza kumuua mtu: tembo, mbogo, kiboko na simba. Na ndani ya uwindaji huo tumechagua jambo moja tu: muwindaji anachagua silaha gani, na kwa haki gani?

Juu gani kuongea mambo hayo hapa Goma, mahali ambapo kuwinda ndani ya Parki ya Virunga kumekatazwa na tembo analindwa na sheria? Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, sisi ni watoto wa watu waliowinda. Wanyanga, Wahunde, Wanande, Bambuti na wengine wengi wa jimbo letu wamekula nyama ya pori na wamejifunza adabu kutoka kwa pori. Ya pili ni nzito zaidi: katika mji huu vijana wanajua jina la bunduki kabla ya kujua jina la ndege anayelia nyuma ya nyumba yao. Mtu anayejua bunduki na hajui deni la bunduki, huyo ni wa kuogopa. Ndiyo maana tunaona swali hili la wawindaji linatugusa sisi wote, hata yule asiyekamata mkuki hata siku moja.

1. Madeni matatu

Tuanze kwa kulipanga swali vizuri, namna tunavyowafundisha wanafunzi. Mtu anayeamua kuua nyama mkubwa anaingia katika deni, na deni hilo liko mara tatu.

Deni la kwanza ni kwa nyama mwenyewe. Kama umeamua kumuua, umuue upesi, usimtese. Deni la pili ni kwa watu. Mbogo uliyemjeruhi na kumwacha anaingia katika kichaka kizito na kungoja, na anayepita pale kesho asubuhi si wewe, ni mama anayeenda kutafuta kuni. Deni la tatu ni kwa kesho. Usichukue mpaka kisibaki kitu, kwa sababu pori si lako peke yako, ni la wajukuu pia.

Kuna wale watakaosema: “Apana, mwalimu, nyama hana akili wala hana roho kama yetu, tutakuwaje na deni kwake?” Tunawajibu kwa methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wengi wanaitumia kwa kucheka, lakini methali hii ni shtaka. Inatuambia kwamba maumivu ni maumivu, na kwamba tunaona utamu kwa sababu tu mkuki haujaingia katika mbavu zetu. Nyama hawezi kutudai mbele ya baraza, ni kweli. Lakini hata mtoto mchanga hawezi kutudai mbele ya baraza, na bado hakuna anayesema kwamba hatuna deni kwake.

Basi kuchagua silaha si jambo la ufundi tu. Ni namna ya kulipa, au ya kukataa kulipa, madeni haya matatu.

2. Mkuki wa wazee

Tuangalie kwanza silaha ya zamani. Bambuti wa msitu wa Ituri wamejulikana tangu zamani kwa kumuwinda tembo na mkuki. Muwindaji anajipaka mavi ya tembo ili harufu yake isimsaliti, anafuata njia ya upepo, anamsogelea nyama mpaka karibu kabisa, kisha anapiga tumboni au anakata mishipa ya mguu wa nyuma, na kukimbia. Hatuwezi kusoma mambo hayo bila heshima. Mtu wa kilo hamsini anamwendea nyama wa tani kadhaa, na kati yao kuna mti wenye chuma tu. Wengine katika nchi zetu walitumia mashimo, au mkuki mzito uliotundikwa juu ya njia, unaoanguka nyama akikanyaga kamba.

Silaha hizo zilikuwa na mpaka ndani yake. Kwanza, hatari iligawanywa: nyama aliweza kufa, na muwindaji pia aliweza kufa. Pili, kazi ilikuwa ya wengi. Kufuata tembo aliyejeruhiwa, kumpasua, kubeba nyama yake, yote yalitaka mikono ya kijiji kizima, na mikono iliyofanya kazi ilikuwa na haki ya kula. Tatu, mambo yalikuwa na utaratibu wa mila. Katika himaya nyingi za Kivu ngozi ya chui haikubaki kwa aliyemuua; ilipelekwa kwa mwami. Ilikuwa namna ya kusema kwamba nguvu ya kuua nyama wa hatari si mali ya mtu mmoja.

Lakini tusiwasifu wazee kwa uongo. Mkuki uliopigwa tumboni haumuui tembo palepale. Anaweza kutembea muda mrefu na maumivu yake, na wawindaji wakamfuata mpaka aanguke. Kwa hiyo deni la kwanza, lile la kumuua nyama upesi, mkuki ulililipa vibaya. Na deni la tatu, lile la kesho, wazee walililipa vizuri, lakini tujiulize bila aibu: walililipa kwa wema au kwa sababu hawakuwa na njia ya kuua wengi? Mtu asiye na pesa ya pombe tunaweza kumwita mtu asiyelewa; lakini kama ni mtu wa kiasi, tutajua siku atakapopata pesa.

Swali letu linazaliwa hapo. Silaha ya zamani ilikuwa na mpaka wake katika udhaifu wake. Ilipokuja silaha isiyo dhaifu, mpaka ulipaswa kuhama kutoka kwa silaha na kuingia mahali pengine. Ulihamia wapi?

3. Mabishano ya kalibri

Bunduki zilipoingia, wawindaji wa tembo na mbogo walianza mabishano ambayo hayajaisha hata leo. Upande mmoja wanasema: nyama mkubwa anataka risasi kubwa. Ndiyo sababu mafundi wa Uingereza walitengeneza bunduki za mitutu miwili kama .470, yenye risasi ya gramu 32 hivi. Mwaka 1911 ikaja .416 ya Rigby, na mwaka 1912 ikaja .375 ya Holland & Holland, ambayo ni kama milimita 9.5. Namba hizo zinapima upana wa risasi kwa inchi. Hata sasa, katika nchi kadhaa za Afrika ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa, kama Tanzania, hiyo .375 inahesabiwa kuwa kiwango cha chini kwa nyama wa hatari.

Tufanye hesabu kidogo, kama katika somo la fizikia. Nguvu ya risasi ni nusu ya uzito wake mara kasi, mara kasi tena. Risasi ya .375 ina gramu 19 na zaidi kidogo, na inatoka kwa kasi ya metri 770 hivi kwa sekunde: hiyo inatupa karibu juli 5,750. Ile .416, yenye gramu 26, inapita juli 6,500. Lakini nguvu peke yake haitoshi. Risasi yenyewe inatengenezwa namna mbili. Kuna ile laini, inayofunguka kama ua ikiingia mwilini. Na kuna ile ngumu, iliyovikwa koti zima la chuma, inayopita moja kwa moja bila kubadilika. Kwa kichwa cha tembo wanataka ile ngumu, maana fuvu lake ni nene na limejaa matundu kama sega la nyuki, na ubongo umekaa nyuma kabisa. Risasi isiyofika kwenye ubongo inapita katika matundu yale, na tembo anaondoka na jeraha.

Upande wa pili wanasema: ukubwa wa risasi si kitu, mahali pa kupiga ndipo kila kitu. Shahidi wao mkubwa ni Mskoti mmoja, Walter Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kupewa jina la Karamoja kwa sababu ya nchi aliyowinda huko Uganda. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo nguvu yake ni kama nusu tu ya .375. Aliwezaje? Alipasua vichwa vya tembo aliowaua ili ajue ubongo umekaa wapi, ukitazamwa kutoka kila upande. Alijua anachopiga.

Nani ana haki katika mabishano hayo? Sisi tunaona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Wale wa risasi kubwa wanafikiri juu ya siku mbaya: mkono umetetemeka, majani yamefunika, mbogo anakuja mbio na uko na sekunde mbili. Siku hiyo risasi kubwa inasamehe kosa dogo, na ile bunduki ya mitutu miwili inatoa risasi ya pili bila kukokota chochote. Wale wa risasi ndogo nao wanatukumbusha jambo ambalo watu wanalificha: bunduki kubwa ina teke kali. Mtu anayeogopa teke la bunduki yake anafumba macho kabla ya kufyatua, na anajeruhi. Aliyenunua bunduki inayomzidi ili aonekane mkubwa amekosea kama yule aliyenunua ndogo kwa kujisifu kwamba ana shabaha.

Kwa hiyo jibu la haki kwa swali la kalibri, kwa maoni yetu, ni hili: chagua silaha kwa kupima siku yako mbaya, usipime kwa siku yako nzuri, na usiende zaidi ya ile ambayo mkono wako unaweza kuitawala. Muwindaji anayesema “mimi sikosi” hajaelewa swali. Swali ni: siku utakapokosa, nani atalipa?

4. Mkono mzuri, hesabu mbaya

Lakini tusimame hapa, maana kuna mtego. Tukisema kwamba silaha nzuri pamoja na mkono mzuri zinatosha, basi Bell atakuwa mtakatifu wa wawindaji. Deni la kwanza alililipa kuliko wengi: tembo wake walianguka upesi. Je, deni la tatu?

Kuna nchi ndogo iliyoitwa Lado, ng'ambo ya magharibi ya mto Nili, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Kongo ya wakati ule. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliishika kwa makubaliano ya mwaka 1894, na makubaliano yalisema kwamba akifa itarudi Sudani. Akafa mwezi wa Desemba 1909, na mwaka 1910 nchi ikarudishwa. Katika miezi ile wawindaji wa pembe walimiminika huko kama nzige, maana mwenye nyumba alikuwa anahama na mpya hajaingia bado. Bell mwenyewe aliwinda Lado katika miaka ile na kupata pembe nyingi sana. Hakuna aliyekuwa na haja ya nyama ile yote. Ilikuwa pembe, na pembe ilikuwa pesa.

Hapo tunajifunza kwamba mtu anaweza kuwa safi katika kila risasi moja, na kuwa mchafu katika jumla yake. Tembo mmoja aliyekufa bila maumivu si dhambi kubwa pengine. Tembo elfu moja waliokufa bila maumivu ni nchi isiyo na tembo. Ufundi ulilipa deni la kwanza, na kwa ulipaji huo huo ukaongeza deni la tatu.

Hata huku kwetu mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1902 afisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, alipiga risasi sokwe wakubwa wawili juu ya mlima Sabinyo, na leo sokwe wa milimani wanabeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1921 Mwana wa mfalme wa Uswidi, Wilhelm, na watu wake waliua 14. Mwaka huohuo Mmarekani Carl Akeley alipanda Mikeno na kuua sokwe kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Lakini huyu Akeley aliguswa moyo na kile alichokiona. Akaanza kuomba nchi ile ilindwe, na tarehe 21 Aprili 1925 Parki Albert ikaundwa, ile tunayoiita Virunga tangu mwaka 1969. Akeley alirudi, akafa mwaka 1926 palepale Mikeno, na akazikwa huko.

Tunamheshimu kwa kubadilika kwake. Lakini tunaona pia kichekesho chenye uchungu. Mpaka uliopaswa kuingia moyoni mwa wenye bunduki uliwekwa juu ya mgongo wa wasio na bunduki. Mwenye shamba aliyekuwa akitega nyama mdogo kwa kamba akawa mwizi katika nchi ya babu yake. Na wakati wa Wabelgiji, mweusi aliyepata ruhusa ya silaha alipewa kwa kawaida gobori la kushindilia baruti kwa mdomo, ile wengine wanaita pupu. Bunduki ya kisasa ilikuwa ya Mzungu. Gobori hilo kwa mbogo ni silaha ya kujeruhi tu. Basi walimnyima mtu silaha ya kuua vizuri, kisha wakamwita mkatili kwa sababu nyama wake aliteseka.

5. Kalashi

Tukaja wakati wetu. Tangu vita vya 1996 silaha iliyojaa katika pori letu si .375 wala mkuki. Ni kalashi. Tuipime kwa madeni yetu matatu bila chuki wala woga.

Risasi ya kalashi ya kawaida ina gramu 8 na kasi ya metri 715 hivi kwa sekunde, yaani juli 2,000 na kidogo. Ni kama theluthi moja ya .375. Ilitengenezwa kwa ajili ya kumpiga mtu, tuseme wazi. Kwa tembo au kiboko ni fimbo inayochoma. Anayemuwinda tembo kwa kalashi anajua hivyo, na dawa yake ni kumwaga masasi mengi: hamsini, mia moja, katika kundi zima, mpaka kitu kianguke. Wanaoondoka na masasi mwilini hakuna anayewafuata. Deni la kwanza halikulipwa.

Deni la pili? Tembo waliopigwa namna hiyo wanajifunza kumchukia mtu, na anayekutana nao ni mkulima. Na deni la tatu tunalijua kwa hesabu. Ziwa Edward na mito yake lilikuwa na viboko zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970, kundi kubwa kuliko mengi duniani. Mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000. Walikwenda wapi? Meno yao yaliuzwa, nyama yao ikauzwa sokoni, na wengi waliouza walikuwa watu wenye silaha za vita, wa makundi na wa majeshi mbalimbali. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanajua maana yake: mavi ya kiboko yanalisha maji, na maji yanalisha samaki. Kiboko akiisha, wavu pia unaanza kurudi mtupu.

Tena kalashi ina jambo lingine ambalo mkuki haukuwa nalo. Yule wa mkuki alihitaji kijiji. Yule wa kalashi hahitaji mtu. Hana haja ya mganga, ya mwami, ya mzee anayejua upepo, wala ya mama wa kubeba nyama. Silaha iliyomfungua kutoka kwa haja ya watu imemfungua pia kutoka kwa aibu mbele ya watu. Mnakumbuka mwezi wa Julai 2007, jamaa ya sokwe iliyoitwa Rugendo, karibu na Bukima, ilivyopigwa usiku, na dume mkubwa Senkwekwe akabebwa na wanakijiji juu ya miti kama mfalme aliyekufa. Nyama yao haikuliwa. Hawakuwindwa; waliuawa, na wengi walihusisha mauaji yale na biashara ya makala na kutaka kuwatisha walinzi. Kumbe bunduki ilikwisha kuacha uwindaji, ikawa lugha ya kuambiana vitisho, na nyama akawa karatasi tu ya kuandikia.

Na magardi wa Parki wameilipa lugha hiyo kwa damu. Zaidi ya 200 wamekufa tangu Parki iundwe. Siku moja tu ya Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walikufa 12. Silaha iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu, mwishoni inarudi kwa mtu.

6. Na mwenye shamba, je?

Msomaji mwenye haki atatusimamisha hapa: “Mwalimu, ninyi mnakaa mjini, mnanunua nyama ya ng'ombe kwa kilo. Yule wa Rutshuru ambaye tembo amekula mahindi yake yote usiku mmoja, mnamwambia nini? Naye ana deni kwa tembo?”

Swali hilo ni la kweli, na hatutalikimbia. Tunajibu kwamba ana haki kubwa kuliko wawindaji wote tuliowataja. Bell alitafuta pesa, wana wa wafalme walitafuta sifa, lakini yeye anatafuta chakula cha watoto. Tukimwambia “usimuue tembo” na kuishia hapo, tunafanya kama walivyofanya wa 1925: tunaweka mpaka wa wote juu ya mgongo wa mmoja. Kama tembo ni mali ya taifa na ya dunia nzima, basi hasara ya mahindi nayo iwe ya taifa na ya dunia. Haiwezekani utamu ugawanywe kwa wote na uchungu ubaki kwa mtu mmoja.

Lakini haki yake ya kujilinda haimpi haki ya silaha yoyote. Akimpiga tembo kwa gobori au kwa kalashi ya kuazima, atakuwa amelinda shamba lake usiku mmoja na kumletea jirani yake tembo mwenye jeraha na hasira. Deni la pili halisamehewi na njaa. Kwa hiyo kama kweli nyama amekuwa wa hatari na hakuna njia nyingine, wala makelele, wala moto, wala uzio, kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa, mwenye silaha inayotosha, aliyetumwa na jamii na anayetoa hesabu kwa jamii. Tukiangalia vizuri, ndivyo wazee walivyofanya: si kila mtu aliitwa kumwendea chui. Sheria ya uwindaji ya nchi yetu ya mwaka 1982 na ile ya kulinda nyama na miti ya mwaka 2014 zinasema kwa lugha ya Leta jambo ambalo mila ililisema kwa lugha yake: kuua nyama mkubwa si shauri la mtu binafsi.

7. Silaha isiyokosa

Tumeuliza mpaka ulihamia wapi silaha ilipoacha kuwa dhaifu. Jibu liko katika hadithi ya nyumbani. Wanyanga wa Walikale wana utenzi mkubwa wa Mwindo, uliosimuliwa na mzee Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Mateene. Mwindo alizaliwa ameshika conga, usinga wa ajabu. Kwa usinga ule anashinda kila adui. Hakuna kinachomkosa.

Siku moja watu wake wa pori wanakwenda kumtafutia nguruwe, na joka Kirimu linawameza watatu. Mwindo anakwenda, analipiga, linakufa, na watu wanaokolewa kutoka tumboni mwake. Hadithi nyingi za dunia zingeishia pale, kwa ngoma na kuoa. Hii haiishii pale. Nkuba, radi, alikuwa amechanja damu na lile joka. Anashuka, anamchukua shujaa mpaka mbinguni, na anamweka huko mwaka mzima katika mvua, baridi na jua kali. Mwindo anarudi akiwa amekatazwa kuua nyama wa pori. Na ndipo anakuwa chifu wa kweli, anayewapa watu amri za kukaa vizuri pamoja.

Ajabu ya hadithi hii ni kwamba joka lilikuwa baya. Lilimeza watu. Mwindo alikuwa na sababu, kuliko hata mwenye shamba wetu. Na bado analipa. Wazee walitaka kutufundisha nini? Sisi tunaelewa hivi: hata mauaji yenye haki yanagusa undugu ambao hatuuoni. Kila nyama amechanja damu na kitu kingine: kiboko na samaki, tembo na miti anayopanda kwa mavi yake, chui na mwami. Mwenye silaha dhaifu hahitaji kufundishwa hivyo, pori lenyewe linamfundisha. Ni mwenye silaha isiyokosa ndiye anayehitaji kupelekwa juu mbinguni akatetemeke kidogo. Tena tuone tofauti moja: usinga wa Mwindo uliweza kuua na uliweza pia kufufua. Bunduki zetu zinajua nusu moja tu ya kazi hiyo.

8. Kumalizia

Basi, wanafunzi wakituuliza, na wanatuuliza: “Mwalimu, kwa mbogo bunduki gani inafaa?”, tusiwafukuze kama watoto wabaya. Tuwajibu kwa kweli: isiwe chini ya .375, risasi nzuri, mkono uliozoea. Kujua ni bora kuliko kutojua, na aliyejua kwamba kalashi haifai kwa mbogo amekwisha kuanza kufikiri. Lakini jibu hilo tuliweke mahali pake, yaani mwisho. Kabla yake kuna maswali matatu. Nyama huyu atakufa namna gani? Nikikosa, nani atakutana naye? Na baada yangu, kitabaki nini? Anayeweza kujibu hayo matatu mbele ya wazee na mbele ya watoto wake, huyo aongee kalibri. Asiyeweza, hata umpe bunduki nzuri kuliko zote za Uingereza, anabaki mtu mwenye bunduki tu. Na wa namna hiyo, ndugu wasomaji, Kivu yetu imekwisha kuwa nao wengi.

Muwindaji, yeye, tumebaki nao wachache. Tuwaulize wale wazee wanaobaki huko Walikale, Masisi na Beni kabla hawajaenda. Tusiwaulize walivyokuwa wakiua. Tuwaulize siku gani waliona nyama, silaha iko mkononi, na wakamwacha apite. Na juu gani.